John Wesley: Mhubiri Aliyeihofu Mali

Mwaka wa 1705 Samuel Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza katika kijiji cha Epworth, alitiwa gerezani kwa sababu ya deni. Mwanawe John, mmoja kati ya watoto 19 waliozaliwa na Susanna, alikuwa na umri wa miaka miwili. Huenda ndiyo sababu mhubiri huyu, katika maisha yake marefu, hakuwahi kuusifia ufukara kama wafanyavyo wale wasiowahi kuuonja.

Mnamo 1726 aliteuliwa kuwa mwanazuoni wa Chuo cha Lincoln, Oxford. Yasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali alijiwa na msichana mtumishi aliyevaa nguo nyembamba. Wesley alipotia mkono mfukoni alikuta sarafu chache tu, kwani alikuwa ametoka kununua picha za kupamba chumba chake. Picha zile zikawa mashahidi dhidi yake. Hesabu inayonasibishwa naye yajulikana sana: mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akatumia 28 na kutoa 2; mapato yalipofika pauni 60 alitumia zile zile 28; yalipofika 120, maskini walipata 92.

Mafundisho yake juu ya fedha, yaliyochapishwa mwaka wa 1760, yalikuwa na ngazi tatu: kuchuma, kuweka akiba na kutoa. Wapo waumini, wa jana na wa leo, wanaopanda ngazi mbili za kwanza na kuketi hapo kwa raha. Kwa Wesley, ngazi ya tatu ndiyo iliyozihalalisha nyingine. Tena si kila chumo lilikuwa halali. Alikataza faida inayomdhuru jirani, kama vile ya kutengeneza vileo vikali na ya kukopesha kwa rehani, na mwaka wa 1774 alitoa kijitabu kilichoshutumu vikali biashara ya watumwa. Mnamo 1746 alikuwa ameanzisha jijini London hazina ndogo ya mikopo kwa mafundi na wachuuzi waliokosa mtaji, pamoja na zahanati ya wasiojiweza.

Vitabu vyake vilimletea fedha nyingi, nazo zikapita mikononi mwake kama maji katika tenga. Mwaka wa 1776 maafisa wa ushuru, wakishuku kwamba ameficha vyombo vya fedha, walimwandikia barua. Aliwajibu kwamba alikuwa na vijiko viwili London na viwili Bristol, na kwamba asingenunua vingine ilhali watu wengi waliomzunguka walikosa mkate. Hata alipomwoa mjane tajiri, Mary Vazeille, mwaka wa 1751, hakuigusa mali yake. Ndoa yenyewe haikufana. Mtu aliyejinyima kila kitu kwa ajili ya wageni hakumpa mkewe muda wake, na hilo haliwezi kufichwa.

Lakini fumbo lililomkosesha usingizi uzeeni halikuwa mfuko wake, bali mifuko ya wafuasi wake. Wachimba makaa wa Kingswood waliomsikiliza uwanjani mwaka wa 1739 walikuwa hohehahe. Walipookoka waliacha ulevi, wakafanya kazi kwa bidii na kubana matumizi. Baada ya miaka kadhaa wengi wa watu wa namna yao walikuwa na maduka na nyumba nzuri. Wesley aliona, na mwaka wa 1786 akaandika bila kuficha, kwamba dini ya kweli huzaa bidii na uangalifu, navyo huzaa utajiri, nao utajiri huila dini iliyouzaa. Hakuona dawa nyingine ila kutoa. Mahubiri yake ya miaka ya mwisho yalirudia jambo hilo hadi likawachosha wasikilizaji, na wengi wao hawakutoa.

Yeye aliendelea. Januari 1785, akiwa na umri wa miaka 81, alizunguka London siku kadhaa, miguu ikizama katika theluji iliyoyeyuka, akiomba pauni 200 za kuwanunulia maskini nguo. Alizipata, kisha akaugua.

Alifariki tarehe 2 Machi 1791. Katika wasia wake alikataza gari la maiti na kila fahari ya mazishi. Aliagiza jeneza lake libebwe na maskini sita, na kila mmoja wao alipwe shilingi 20.