August Bier, Baba wa Ganzi ya Mshipani

Kwetu Madaba, mtu akiambiwa anakwenda kupasuliwa, haulizi sana habari za kisu. Anaulizia sindano. Nilidhani ni woga tu, mpaka nilipoanza kuzunguka wodi na kuona propofoli ikiingia kwenye kamshipa ka mgongo wa mkono. Mgonjwa anakunja uso na kuvuta mkono kabla usingizi haujamchukua. Dawa ile inachoma kweli, jamani. Hapo ndipo nilipoanza kumsoma Bier.

Alizaliwa 1861 huko Helsen, Ujerumani. Mwaka 1898, mwaka uleule Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho, yeye alikuwa Kiel akiwachoma wagonjwa kokeini kwenye uti wa mgongo ili awapasue miguu bila klorofomu. Miguu ilikufa ganzi, ila baadaye vichwa viliwauma na wakatapika. Bier akataka ajue wanachokipata. Akamwambia msaidizi wake, Hildebrandt, amchome yeye. Bomba halikukaa sawasawa kwenye sindano, maji ya uti yakamwagika. Wakabadilishana: Hildebrandt akachomwa, Bier akampiga nyundo kwenye muundi, akamng'oa vinyweleo, akamgusisha sigara ya moto. Hasikii kitu! Jioni wakanywa mvinyo. Kichwa kilimtesa Bier siku 9.

Mwaka 1908, watu wa Songea wakiwa ndiyo kwanza wanajikusanya baada ya Maji Maji na njaa iliyoletwa na utawala wa Wajerumani haohao, Bier alikuwa Berlin na jambo jipya. Alikamua damu ya mkono kwa bendeji ya mpira, akafunga juu na chini, kisha akaingiza prokeini kwenye vena. Sehemu ya katikati ikafa ganzi yote. Njia hiyo ilififia, hadi Holmes alipoifufua kwa lidokeini mwaka 1963.

Ninachotaka tukione ni hiki: mtaalamu wa usingizi akifunga mpira mkononi, akaweka lidokeini kidogo kwenye vena, akangoja kama dakika moja, akafungua ndipo akasukuma propofoli, anafanya kazi ya Bier kwa kipimo kidogo. Vena kubwa ya kwenye kiwiko nayo inasaidia, tena bure. Lidokeini imo kwenye orodha ya dawa muhimu, na mpira hata sisi wanafunzi tunao mfukoni. Kwa hiyo sielewi kwa nini mgonjwa aambiwe avumilie tu.

Bier hakuwa malaika. Mwaka 1937 alipokea tuzo ya taifa ya serikali ya Hitler, na picha yake ukutani isitusahaulishe hilo. Uzeeni alihamia Sauen, shamba alilonunua 1912, akapanda msitu wa miti mchanganyiko kwenye udongo wa mchanga. Akafia hukohuko Machi 1949, miaka mingi kabla propofoli haijaingia sokoni.