Bwana Loveridge na Viumbe vya Uluguru

Arthur Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 katika mji wa Penarth, nchi ya Wales. Tangu utoto alipenda mno kutazama viumbe vidogo, hata wale ambao watu wengi huwakimbia au huwaua kwa hofu, kama nyoka, mijusi na vyura. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika nyumba za makumbusho, na mwaka 1914 akaja Nairobi kuitunza nyumba ya makumbusho ya huko.

Mara vita kuu ikatokea, naye akaingia jeshini. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji wa Morogoro. Loveridge alikaa huko kwa muda, na hata katika siku zile za taabu hakuacha kukusanya viumbe na kuandika habari zao. Vita ilipokwisha akawa msaidizi katika idara ya wanyama wa porini ya Tanganyika, akakaa Kilosa. Kazi yake ilikuwa kuangalia sheria za uwindaji zifuatwe.

Mwaka 1924 alikwenda Marekani, kufanya kazi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Lakini hakuisahau milima aliyoiona zamani. Mwaka 1926 akarudi Uluguru, akapanda mpaka Nyange na Bagilo. Hakufanya kazi peke yake. Wenyeji walimwonyesha njia za msituni, wakamletea vyura, nyoka na vinyonga, naye akawalipa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa vitabuni, walakini bila macho yao angeona machache.

Katika safari hiyo alipatikana ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hukaa juu sana katika miti mikubwa. Wataalamu walimwandika mwaka 1927, na mpaka leo hajaonekana mahali pengine duniani ila Uluguru. Alipatikana pia chura mdogo, ambaye viluwiluwi vyake hukua katika maji machache yaliyotuama ndani ya mianzi iliyovunjika na penye mashina ya majani ya migomba. Tena yuko ndege wa Uluguru, aina ya chozi, aliyepewa jina la Loveridge mwaka 1922.

Kwa nini viumbe hao hawapatikani kwingine? Upepo wa Bahari ya Hindi hupiga milima, mvua ikanyesha, na msitu ukakaa na unyevu miaka mingi sana. Chini pande zote ni nchi kavu. Basi kiumbe wa msitu wa juu hawezi kuvuka, kama mtu asiye na chombo asivyoweza kutoka kisiwani. Mwaka 1928 Loveridge na mwenzake Thomas Barbour walitoa kitabu kilicholinganisha nyoka, mijusi na vyura wa Uluguru na wale wa Usambara, ili ijulikane wanaofanana na wanaotofautiana.

Ni kweli kwamba aliua wanyama wengi ili wapelekwe makumbusho, maana ndiyo desturi ya wataalamu wa siku zile. Lakini mtu hawezi kulinda asichokijua. Mwindaji akiua mmoja, wengine huweza kuzaa. Msitu ukifyekwa au kuungua, wote hukosa makao. Huko Bunduki msitu uliounganisha Uluguru ya kaskazini na ya kusini umekatika kwa ajili ya mashamba. Wakulima wahitaji chakula, wala si adui wa msitu. Lakini msitu huo ndio huulisha mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake.

Loveridge aliacha kazi mwaka 1957, akaenda kukaa katika kisiwa cha St Helena, akafa huko tarehe 16 Februari 1980. Mwaka 2008 serikali ya Tanzania iliifanya misitu ya Uluguru kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Yule ndege wa Bagilo yungali juu mitini. Mungu amempa nyumba moja tu, na funguo za nyumba hiyo zimo mikononi mwa watu wanaokaa chini yake.