Profesa Simpson, daktari aliyegawa hewa ya Nairobi

MWENYE hoteli ndogo katika mtaa wa Laini Saba, Kibera, anapoomba leseni ya kuuza chakula, hutakiwa aonyeshe moshi unatokea wapi na hewa safi inaingilia wapi. Kanuni za Usafi wa Chakula za mwaka 1978 zinataka pahali pa kupikia pawe na hewa ya kutosha. Takwa hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa mwenye kibanda cha udongo na mabati, kilichobanana na vibanda vingine pande tatu, ni takwa zito. Chanzo kimoja cha uzito huo ni maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1931.

William John Simpson alizaliwa mwaka 1855 nchini Uskoti, akasomea udaktari. Mwaka 1886 aliteuliwa kuwa afisa wa afya wa jiji la Calcutta, India, ambako alipambana na kipindupindu. Mwanasayansi Waldemar Haffkine alipokwenda huko mwaka 1894 kujaribu chanjo ya ugonjwa huo, Simpson alimuunga mkono.

Aliporudi Uingereza alifundisha elimu ya usafi katika chuo cha King's College, na mwaka 1899 akawa miongoni mwa waasisi wa chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto jijini London. Mwaka 1908 alichapisha kitabu kuhusu kanuni za usafi katika nchi hizo. Serikali ya Uingereza ilimtuma sehemu mbalimbali palipozuka tauni, kuanzia Hong Kong hadi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana.

Mwaka 1913 ilikuwa zamu ya Afrika Mashariki. Nairobi ilikwisha kuteswa na tauni, na mwaka 1902 soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa sababu ya maradhi hayo. Simpson alikagua mji akakuta vyumba vyenye giza, unyevu na msongamano, visivyopitisha hewa. Hapo jicho lake la udaktari halikukosea, kwani panya hustawi penye uchafu na kifua kikuu huenea penye hewa iliyotuama.

Kosa lilikuwa katika dawa aliyoiandika. Alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, Wazungu watengwe na Waasia na Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu usiopungua yadi 300. Hewa safi ikawa mali ya waliokaa vilimani.

Sheria ya Afya ya Umma ilianza kutumika mwaka 1921, na baada ya uhuru ikadumu kama Sura ya 242. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliacha rasmi sera ya kutenga makazi ya mijini kwa rangi, lakini masharti katika hati za ardhi yaliendeleza utengano huo. Kibera, iliyotengewa askari Wanubi mwaka 1918, iliachwa bila ruhusa ya majengo ya kudumu. Ndiyo maana mpaka leo wengi huko hupanga vibanda wasivyoweza kuvitoboa wala kuvipanua bila idhini ya mwenye kibanda.

Simpson alitunukiwa cheo cha Sir kabla ya kufariki. Ubaguzi wake unastahili kulaaniwa, lakini elimu yake kuhusu hewa ingali na faida. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mpishi na mteja wake. Tundu la juu upande mmoja na jingine upande wa pili huiruhusu hewa ipite, na bomba linalopanda juu ya paa huutoa moshi bila kuupeleka kwa jirani.

Lakini tundu halina maana likifunguka kwenye ukuta wa jirani. Anayekagua hoteli za Laini Saba hana budi kuyapima mapito kati ya vibanda kabla ya kufunga mlango wa mama anayepika chapati. Kuta zilizobanana si kazi yake yeye, na riziki ya wanawe imo katika jiko hilo.