Bud Powell: Gwiji wa Piano ya Jazi

Kwa wakazi wengi wa Amagoro na Malaba, neno jazi huleta kumbukumbu ya bendi za magitaa kama vile Shirati Jazz. Hata hivyo, jina hilo lilitoka Marekani, nako lilikuwa na magwiji wake. Mmoja wao ni hayati Earl Powell, maarufu kama Bud, mpiga piano wa mtindo wa bibopu.

Powell alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 27 Septemba 1924. Baba yake alikuwa mpiga piano, na mwana akaanza kufunzwa muziki wa akina Bach na Chopin angali mtoto. Ujanani alilelewa kisanaa na Thelonious Monk, kisha akajiunga na bendi ya Cootie Williams.

Mnamo mwaka wa 1945 alipigwa kichwani na polisi mjini Philadelphia. Tangu hapo, maradhi ya akili hayakumwacha. Alilazwa mara kadhaa na kutibiwa kwa mishtuko ya umeme. Licha ya hayo, mnamo Agosti 1949 na Mei 1951 alirekodi nyimbo za albamu The Amazing Bud Powell kwa kampuni ya Blue Note.

Awali, mkono wa kushoto wa mpiga piano ndio uliotunza mdundo. Powell aliupunguzia kazi, ukawa unadokoa sauti chache tu, huku wa kulia ukitiririka kama saksafoni. Katika Un Poco Loco, yaani kichaa kidogo kwa Kihispania, Max Roach anagonga ngoma na kengele naye Powell anapita juu ya mdundo huo bila kuyumba. Matoleo matatu ya wimbo huo, yaliyorekodiwa siku moja, yamehifadhiwa. Katika kila toleo anabuni upya. Basi hoja kwamba wazimu ndio uliomfanya gwiji haina mashiko. Ugonjwa ulimpokonya miaka. Mazoezi ya tangu utotoni ndiyo yaliyompa ufundi.

Mwaka wa 1959 alihamia Paris, ambako Francis Paudras, mpenzi wa muziki wake, alimtunza alipougua kifua kikuu. Alirejea New York mwaka wa 1964 na kufariki tarehe 31 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 41.

Mara nyingi sisi humwita mgonjwa wa akili mwendawazimu, tukasahau kipawa chake. Maisha ya Powell yanatuasa tumtibu mtu, na kazi yake tuipe heshima inayoistahili.