McIndoe: Alitibu ngozi, akarudisha utu

Wakazi wa Dodoma hatujasahau Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwa kasi na kuigonga ya mizigo. Watu 281 walikufa, tukawazika. Je, waliochanika ngozi na kupondeka nyama, nani aliuliza wanaishi vipi?

Archibald McIndoe aliliuliza swali hilo. Alizaliwa New Zealand mwaka 1900. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Uingereza, mji wa East Grinstead, akipokea marubani walioungua nyuso na mikono. Wakati ule majeraha ya moto yalipakwa dawa iliyokausha ngozi ikawa gamba, vidole vikakakamaa. McIndoe aliona kuwa walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaiacha dawa ile, akawaogesha kwa maji ya chumvi, kisha akawapandikiza ngozi, operesheni baada ya operesheni.

Hakuishia hapo. Aliwaomba wenyeji wawakaribishe wagonjwa majumbani, wasiwakwepe njiani. Wagonjwa wakaunda chama chao mwaka 1941. Vita ilipokwisha walikuwa 649.

Baadaye alipata shamba Tanganyika, karibu na Kilimanjaro. Mwaka 1957, yeye, Michael Wood na Tom Rees waliasisi huduma ya madaktari wa ndege, leo AMREF. Alifariki 1960.

Sisi je? Mtoto akimwagikiwa uji wa moto tunampaka dawa ya meno, badala ya kummiminia maji safi ya baridi dakika 20 na kumkimbiza hospitali. Akibaki na makovu, tunamficha ndani. Kidonda ni kazi ya daktari. Aibu ile tumeileta sisi, na ni sisi wa kuiondoa.