Shamba la Anathothi: Maisha ya Nabii Yeremia



Kuna sehemu za Biblia tunazozikimbia. Tukifika kwenye orodha ya majina, au bei ya kitu, au mtu anayetajwa mara moja tu, tunafungua ukurasa unaofuata tukitafuta ahadi ya kushika. Jumapili iliyopita tulikaa hapo hapo tunaporuka. Tulifuata maisha ya mtu ambaye sote tunamjua kwa jina, nabii Yeremia, kwa kuangalia mambo madogo tu. Kwa walioikosa ibada, huu ndio ujumbe kwa ufupi.

KIJIJI CHENYE AIBU

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, kama kilomita tano kutoka Yerusalemu. Baba yake, Hilkia, alikuwa mmoja wa makuhani hao. Sasa rudi kwenye 1 Wafalme sura ya 2. Utaona kwamba Anathothi ndiko Mfalme Sulemani alikomfukuzia kuhani Abiathari baada ya kumwondoa kazini. Kilikuwa kijiji chenye kumbukumbu ya aibu. Lakini Mungu alipotaka nabii, alienda kumtafuta huko, katika mwaka wa 13 wa Mfalme Yosia, karibu mwaka 627 K.K. Yeremia alijitetea kwamba yeye ni kijana na hajui kuongea. Mungu hakukubali hiyo sababu.

Wito huo ulimgharimu. Watu wa Anathothi, majirani aliokua nao, walipanga kumuua (sura ya 11). Hata ndugu wa nyumba ya baba yake walimgeuka. Halafu katika sura ya 16 Mungu alimkataza kuoa na kupata watoto, na akamkataza kuingia nyumba ya matanga wala nyumba ya karamu. Nyinyi mnajua huku kwetu mtu asiyeonekana matangani wala harusini anasemwaje! Basi hivyo ndivyo Yeremia alivyoishi. Shika mambo hayo mawili, kwamba kijiji chake kilimkataa na kwamba hakuwa na mtoto. Tutayarudia.

KITABU KWENYE JIKO LA MAKAA

Siku moja Yeremia alikuwa amezuiwa kuingia hekaluni. Je, alinyamaza? La. Alimwita Baruku mwana wa Neria, akamtajia maneno yote, Baruku akaandika kwa wino, kisha akaenda kuyasoma mbele ya watu. Alisomea katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Habari zikafika ikulu. Ulikuwa mwezi wa tisa, wakati wa baridi, na Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi karibu na jiko la makaa. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, kitabu kilikatwa kwa kisu kidogo cha mwandishi na kutupwa motoni, mpaka kikaisha chote. Watu watatu walimsihi mfalme asifanye hivyo, na Gemaria alikuwa mmoja wao. Mfalme hakuwasikia.

Yeremia na Baruku waliandika kitabu upya, na Biblia inasema kilichofuata kilikuwa na maneno mengi zaidi kuliko cha kwanza. Na kuna jambo la ziada. Mwaka 1982, wachimbuaji wa mambo ya kale huko Yerusalemu walipata mihuri midogo ya udongo katika nyumba iliyoungua jiji lilipoangamizwa. Mmoja wa mihuri hiyo una jina la Gemaria mwana wa Shafani. Nyaraka zilizofungwa kwa mihuri ile ziliteketea, lakini moto ule ule uliukausha udongo ukawa mgumu kama chungu, na majina yakabaki. Mfalme alidhani moto unamaliza mambo. Moto uko mikononi mwa Mungu, mpendwa.

MKATE NA MATAMBAA

Miaka ikapita, Wababeli wakauzingira mji. Walipoondoka kwa muda, Yeremia alitoka kwenda Benyamini kwa shughuli ya urithi wake. Langoni akakamatwa, akaambiwa anatorokea kwa adui, akapigwa, akafungwa. Alipopata nafasi ya kusema na Mfalme Sedekia kwa siri, aliomba jambo moja tu, asirudishwe kule alikokuwa, asije akafia huko. Mfalme akaamuru akae katika ua wa walinzi na apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mkate uishe mjini.

Mkate mmoja kwa siku. Hakupewa gunia la unga. Wengine wetu tunangoja Mungu atufungulie ghala, na asubuhi tumekula mkate wake bila hata kusema asante.

Wakubwa hawakuridhika. Walimshusha kwa kamba ndani ya shimo lisilo na maji, lenye matope tu, na Yeremia akazama katika matope. Hapo ndipo anatokea Ebedmeleki. Alikuwa Mkushi, mtu wa Afrika, mgeni katika nchi ile, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Waisraeli wenye vyeo walikuwa wamenyamaza, lakini mgeni huyu alimwendea mfalme akiwa ameketi langoni, mbele za watu, akamtetea nabii. Akapewa watu wa kumsaidia.

Kabla ya kwenda shimoni, Ebedmeleki alipita kwanza ghalani. Alichukua matambaa na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia, akamwelekeza ayaweke kwapani chini ya kamba. Kwa nini? Ili kamba zisimchune ngozi wakimvuta. Kamba tupu zingetosha kumtoa, lakini zingemuumiza.

Kanisa, hapa tujihukumu kidogo. Kuna msaada unaomtoa mtu shimoni huku ukimwachia vidonda. Tunampelekea mjane unga, tunapiga picha, jina lake linatangazwa mbele ya watoto wake. Ameshiba, ndiyo, lakini amechunwa. Ebedmeleki alifikiria kwapa za mtu aliye matopeni, na Mungu aliona. Katika sura ya 39 alimtumia ujumbe wake binafsi, kwamba mji ukianguka yeye ataokoka kwa sababu alimtegemea Bwana.

SHEKELI 17

Ni katika ua huo huo wa walinzi ndipo Yeremia alipofanya jambo lililowashangaza watu. Binamu yake Hanameli alikuja kumuuzia shamba. Wapi? Anathothi! Wababeli walikuwa wamerudi na kuuzunguka mji. Thamani ya shamba wakati huo ni nini? Ni kama kuuziwa ploti ambayo jeshi la adui limeshapiga hema juu yake.

Lakini Mungu alikuwa amemwambia anunue. Basi alipima shekeli 17, karibu gramu 200 za fedha. Akatia sahihi, akaita mashahidi, akaandaa hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi. Akampa Baruku mbele ya watu wote, akamwagiza aziweke ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mambo ya ardhi hayafanywi kwa mdomo, sisi Wakenya tunalijua hilo. Alifuata sheria yote, hatua kwa hatua, kwa shamba ambalo hakuweza hata kwenda kulikanyaga.

Sasa kumbuka yale mawili. Shamba liko katika kijiji kilichotaka kumuua, na yeye hana mtoto wa kumrithi. Alikuwa ananunua kwa ajili ya nani? Alinunua kwa sababu Mungu alisema siku itakuja mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Ona pia mpangilio wa sura ya 32: alilipa kwanza, ndipo akaenda kuomba na kumuuliza Mungu maana ya jambo hilo. Kwa hiyo imani inaweza kuwa na maswali. Yeremia aliuliza akiwa ameshatii.

Mji ulianguka mwaka 586 K.K. Yeremia aliachiliwa huru, akachagua kukaa na maskini waliobaki nchini. Baadaye watu wake walikataa neno la Mungu, wakaenda Misri, wakamchukua yeye na Baruku pamoja nao. Huko Misri ndiko tunakomsikia kwa mara ya mwisho. Biblia haisemi alizikwa wapi, wala hatusomi kwamba alilima shamba lake hata siku moja.

Je, alipoteza shekeli 17?

Fungua ile orodha tunayoiruka, Ezra sura ya 2. Wababeli wameshaanguka, Mfalme Koreshi ameruhusu Wayahudi warudi nyumbani, na majina yanahesabiwa mji kwa mji. Fika mstari wa 23. Kuna watu wa Anathothi waliorudi kwao, na hesabu yao ni 128. Haleluya! Jibu la Yeremia liko pale, katikati ya tarakimu zinazotuchosha kusoma. Waliorudi ni wazao wa kijiji kilichomkataa, na yeye hakuwepo kuwahesabu.

Mama unayemwombea kijana wako mwaka wa 15 sasa, mzee uliyejenga kanisa ambalo wengine ndio wataabudu ndani yake, Bwana hajaahidi kwamba utayaona yote kwa macho yako. Ameahidi kulitimiza neno lake. Kazi yako leo ni kulipa shekeli zako, kuitunza hati, na kula mkate wa leo kwa shukrani.

Wiki hii, soma Yeremia 32 na 38 pamoja na familia, halafu Ezra 2 bila kuruka jina. Kisha tafuta mtu mmoja aliye shimoni umpelekee kamba. Usisahau matambaa.