Askofu Lucas na Jando la Kanisa

Kwetu Kitomanga, kaskazini ya mji wa Lindi kwenye barabara kuu iendayo Kilwa na Dar es Salaam, mtoto wa kiume haulizwi kama atakwenda jandoni. Kinachoulizwa ni lini. Waislamu, ambao ndio wengi, watasema mtoto katiwa suna. Sisi Wakristo wachache tunasema katahiriwa. Wazee wa Kimwera wana yao zaidi ya hayo. Mwaka wangu mimi aliupanga mjomba, kama ilivyo desturi yetu, na baba ambaye ni mwinjilisti wala hakupinga. Nimetoka kumbini, nimesoma, nimefika chuoni, halafu usiku mmoja kwenye mkesha mhubiri akatangaza kwamba kila aliyepita jandoni amefunga agano na mizimu, na kwamba bila kufunguliwa wokovu wake una mashaka. Vijana wa kusini tukaitwa mbele. Wengine walikwenda. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikijiuliza: kama Kristo ameshalipa, hiki kifungo kilichosalia kinadaiwa na nani?

Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba, kwa mtu ambaye nilikuwa nikilisikia jina lake kwa Waanglikana wa Masasi, Askofu William Vincent Lucas. Alizaliwa Uingereza mwaka 1883, akasoma Oxford, akawa padri, akaja kusini mwa nchi yetu na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Mwaka 1926 Masasi ilipokatwa kutoka dayosisi ya Zanzibar, yeye akawa askofu wake wa kwanza. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka 1944.

Lakini huwezi kumwelewa Lucas bila kujua alikuta nini. Masasi haikuanza na yeye. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule wa sarufi na tafsiri za Kiswahili, alishuka Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, wakatembea kwenda bara, na nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia misheni. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na kusomea Zanzibar na Uingereza, akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akafanya kazi huku huku kusini. Mwaka 1905 Maji Maji ikawaka, misheni ya Masasi ikachomwa moto, na wamisionari wakakimbilia pwani, Lindi. Mwezi huo huo, njiani kutoka Kilwa, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa upande wa Liwale.

Kwa hiyo Lucas alikuja kwenye majivu. Na katika miaka iliyofuata Maji Maji, Uislamu ulienea kwa kasi bara ya Lindi, na mlango mmojawapo ulikuwa huu wa kumbi. Mwalimu wa Kiislamu alipokuja kijijini hakuwaambia watu waache jando. Alilikubali na kulisomea dua. Mtoto aliingia msungo, akatoka mtu mzima na Mwislamu kwa pamoja. Upande wa misheni, mtoto wa Kikristo alikuwa na njia mbili tu, zote mbaya: aende kwa siri na kurudi akiwa na dhambi ya kuungama, au asiende kabisa, abaki msungo maisha yake yote, asioe, asizike, asisikilizwe penye wazee. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajakaa kwetu.

Sasa hapa ndipo ninapoomba msomaji tupite kidogo kwa Mtume Paulo, maana Lucas alimsoma sana na bila yeye hatuelewani. Kutahiriwa kulikuwa alama ya agano la Ibrahimu, na sheria ya Musa ikalishika. Injili ilipofika Antiokia kwa watu wa mataifa, walitoka wenyeji wa Uyahudi wakafundisha kwamba bila kutahiriwa hakuna kuokoka. Ugomvi ukawa mkubwa, ukapelekwa Yerusalemu, na mitume wakaamua kwamba mataifa wasitwishwe mzigo huo, kwa kuwa wote wanaokolewa kwa neema. Kesi imekwisha. Lakini sura inayofuata tu, Paulo huyo huyo anamchukua Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi na baba Mgiriki, anamtahiri! Na kwingine anasimulia kwamba Tito, Mgiriki, walitaka atahiriwe, naye akakataa hata kwa saa moja.

Wembe ule ule, majibu mawili. Timotheo alitahiriwa ili apate mlango kwa watu wake. Kwa Tito wembe ulikuwa umegeuzwa sharti la wokovu, na hapo Paulo hakubembeleza mtu. Wagalatia aliwaambia wazi kwamba anayeutegemea wembe kumpa haki mbele za Mungu ameiacha neema mwenyewe. Kumbe basi kinachofanya kitu kuwa sheria ya kuhukumu si kitu chenyewe, bali kile unachokidai kwacho.

Tazama sasa wamisionari wengi wa zama zile. Hawakusema usipotahiriwa hutaokoka. Walisema ukienda jandoni hutaokoka. Wakajiona wako upande wa Paulo, kwa sababu wanaondoa mila. Mimi nasema walikuwa wamesimama pale pale walipokuwa wale wa Antiokia, wameigeuza sentensi tu. Kukataza nako ni sheria. Ukiweka wokovu wa mtu kwenye kufanya au kwenye kutokufanya, ni mzani ule ule, na msalaba umekuwa nyongeza.

Lucas aliliona hili, au tuseme aliliona nusu yake, na hiyo nusu ilitosha kumtofautisha na wenzake. Akiwa bado padri, pamoja na mapadri na walimu Waafrika waliozijua mila hizi kutoka ndani, alianzisha jando la Kikristo. Msisitizo wangu uko kwenye hilo "pamoja". Vitabu vinapenda kumtaja Mzungu mmoja, lakini Oxford haifundishi mambo ya kumbi. Suala la jando lilikuwa likiwasumbua Wakristo wa huku kabla yake, na waliolala nalo kila usiku walikuwa watu kama Padri Kolumba Msigala na wenzake, ambao watoto wanaosubiri wembe walikuwa wa dada zao.

Kilichofanyika ni hiki. Kumbi likajengwa porini kama kawaida, wavulana wakatengwa na mama zao kama kawaida. Palipokuwa na mti ambao wazee waliufanyia tambiko kwa unga, pakasimamishwa msalaba, na sala zikaelekezwa kwa Mungu huku wafu wakiombewa. Usafi wa wembe na vidonda ukaangaliwa. Nyimbo za matusi zikaondolewa, mafundisho ya heshima, kazi na utu uzima yakabaki, katekisimu ikaongezwa. Siku ya kutoka, wali wakavishwa nguo mpya, wakaongozwa kanisani kwa shangwe.

Sisi tunaosoma ualimu tunakaririshwa kwamba mwanafunzi huanzia kwenye anachokijua kwenda kwenye asichokijua. Tunaliandika kwenye maandalio ya somo, tunalipatia alama, tunalisahau. Yule bwana alilifanyia kazi kabla bibi zetu hawajazaliwa. Jando ni shule: lina mtaala, lina walimu, lina mtihani na lina mahafali. Aliyetaka kufundisha watu wa Masasi bila shule hiyo ilibidi kwanza aibomoe, na ukishaibomoa unabaki na kijiji ambacho hakina mahali pa kumwambia kijana kwamba sasa amekuwa mtu.

Mwaka 1928 Lucas aliandika kwa Kiingereza makala ndefu kuhusu namna Mkristo anavyopaswa kuzikabili mila zisizo za Kikristo. Hoja yake ni kwamba kazi ya misheni ni kumfanya Mwafrika Mkristo, siyo kumfanya Mzungu, na kwamba mila isitupwe yote wala kupokelewa yote, ipimwe: jema libaki, baya liondoke, lililo katikati lipewe maana mpya. Kwa mtu wa enzi ya ukoloni hiyo haikuwa kauli ndogo.

Mwaka uliofuata, 1929, kule Kenya, baadhi ya misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini wao wale kiapo na kutia dole gumba kwamba wanakataa tohara ya wasichana. Tusichanganye mambo. Ukeketaji ni ukatili, siutetei hata kidogo, na huku kwetu unyago ni mafunzo na ngoma, hakuna kukeketa. Wamisionari wale walikuwa na haki ya kuchukia walichokichukia. Lakini waliweka sahihi mahali pa mafundisho. Makanisa yakamwaga watu kwa maelfu, shule za kujitegemea zikachipuka, na mila yenyewe ikageuzwa bendera ya kisiasa. Torati peke yake humwambia mtu alipokosea. Nguvu ya kugeuka hutoka kwingine, na Paulo alilisema hilo kabla ya dole gumba la mtu yeyote.

Msidhani namfanya Lucas malaika. Nina ugomvi naye wa aina mbili.

Wa kwanza ni kuhusu nani anapima. Ile mizani ya jema na baya ilikuwa mkononi mwa askofu. Wimbo ambao masikioni mwa Mwingereza mtawa ni tusi, huenda kwa nyakanga ni somo la mwili ambalo hakuna mahali pengine litasemwa. Wameondoa mangapi ambayo yalikuwa elimu? Na kanisa likishasema hili ndilo jando safi, maana yake lile la jirani ni chafu, na mzazi wa Kikristo hana tena pa kujificha. Kilichoingia kama neema kinaanza kuota kucha za sheria. Orodha ya yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa ina tabia ya kurefuka yenyewe. Waulize watu wa felowshipu zetu, walioanza na mavazi na sasa wamefika kwenye mtindo wa nywele.

Ugomvi wa pili ni Tito. Jando la Kanisa lilimfaa sana Timotheo, yule kijana wa kwetu anayetaka kuwa Mkristo bila kufukuzwa ukoo. Ila mwenye kujali neema lazima amuulize na Tito habari zake. Yupo wapi kijana wa Kikristo asiyetahiriwa, mgeni kutoka kabila lisilotahiri, anayekaa benchi moja na hawa bila kuitwa msungo? Ukilipa jando misa na maandamano ya kanisani, kwa macho ya kijiji umelikaribisha sana na ubatizo, na mtoto wa miaka kumi hawezi kuvitofautisha. Hata mimi niliyepita Kitomanga kwenye jando lisilo na padri wala msalaba nilikuwa nikiamini, mpaka kidato cha tatu, kwamba Mungu anawasikia zaidi waliotahiriwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliokota tu, kama mtoto anavyookota mambo.

Hata hivyo nikimweka Lucas mkono huu na yule mhubiri wa mkesha mkono ule, sipati shida kuchagua. Mmoja aliingia kwenye kumbi akiamini kwamba Kristo anaweza kukaa humo. Mwingine anaamini kwamba wiki chache za utoto wangu porini zina nguvu kuliko ubatizo wangu, na anaiita imani hiyo wokovu. Huo ndio mzigo ambao mitume walikataa kumtwisha mtu, isipokuwa safari hii umefungwa kwa kipaza sauti.

Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Jando lilikuwa na wanaume Waafrika ndani ya daraja za kanisa, mapadri na walimu walioweza kusimama kama nyakanga. Unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi, wanawake wasio na cheo chochote kanisani, na mafunzo yao ni ya ndoa na kitanda, ambayo masista kutoka Uingereza hawakuwa na namna ya kuyagusa wala kuyachukua. Msalaba ungeweza kusimama mahali pa mti. Mahali pa kungwi angesimama nani?

Lucas aliacha uaskofu mwaka 1944 na kufariki Julai 1945, akiwa na miaka sitini na miwili. Maaskofu watatu Waingereza walimfuata Masasi, wa mwisho akiwa Trevor Huddleston, aliyekuwa amejulikana kwa kupinga ubaguzi Afrika Kusini. Mwaka 1968 dayosisi ikapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Hilary Chisonga, na swali la nini kiingie kumbini na nini kibaki nje likahamia mezani kwake.